Sahihi ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi 1975

Orval Tidwell, mzee mwenzangu wa kanisa, amekuja na barua aliyoiandika kwa mkono wake. Inasema Verlene, binti yangu, atatengwa na ushirika Jumapili ya tarehe kumi na sita asipoacha kuimba kwenye kumbi za pombe. Wazee tuko watatu; pasipo sahihi tatu, barua si kitu. Orval ametia yake. Mzee Buford naye. Nafasi iliyobaki ni yangu.

Nimeomba muda.

"Chukua, ndugu yangu. Lakini redio haikusubiri wewe."

Kweli! Bendi ya Verlene, Waya wa Miiba, sasa inasikika redioni kutoka mji wa Waco hadi Abilene. Mwaka juzi waliwapigia watu thelathini na mbwa mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Verlene ameniletea maharage na mkate wa mahindi. Ana miaka thelathini na minne na bado huingia jikoni kwangu bila kubisha. Nilimuuliza habari za yule bwana wa kampuni ya santuri ya Nashville aliyekuja na mkataba.

"Anataka wenzangu wanyoe ndevu, Baba. Halafu atuwekee fidla ishirini nyuma, za kuliza watu. Nikamwambia aende nazo kwao, hizo fidla zake."

Basi wamekataa — na kwa kukataa huko watu wamezidi kuwapenda. Ajabu. Mimi ni mtu wa kanisa lisiloruhusu ala hata moja katika ibada, kukataa nakujua.

Kuhusu barua alisema tu: "Nimeisikia. Wewe je, umewahi kutusikia sisi?"



Jumatano, 12 Machi

Baada ya darasa la Biblia Orval alinitania mbele ya watu. "Mbona hutii sahihi? Au unangoja tikiti ya bure?" Wakacheka.

Nimefungua Yohana, sura ya saba. Nikodemo anauliza kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Miaka arobaini nimeifundisha aya hiyo! Itanibidi niende kuwasikia. Nataka kujua.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda. Uwanja wa mnada wa ng'ombe, alasiri, mauzo yalipokwisha. Watu mia sita pengine. Kofia, vumbi, bia. Nilisimama kando ya zizi na suti yangu nyeusi.

"Mzee," mwanamke mmoja akaniuliza, "nani amekufa?"

Magitaa yalinigonga kifuani. Sikuyapenda, sitasema uongo. Nyimbo za wafungwa, za madereva wa malori, za ndoa zilizovunjika. Kisha Verlene akainua mkono. Ala zikanyamaza. Akavumisha noti moja, kama nilivyomfundisha katika shule yetu ya uimbaji akiwa na miaka saba, na wale wanaume watatu wenye ndevu wakaingia. Sauti nne, bila ala! Wimbo wao wenyewe, wa mtu aliyefukuzwa kwao. Watu walivua kofia. Hakuna aliyewaamuru.

Mmoja wa waliovua alikuwa Buford, aliyeleta ndama mnadani. Tulitazamana.

Besi yao, ile sauti nzito ya chini, ilikuwa nyembamba. Inauma, besi kuwa nyembamba kiasi kile. Kiitikio kiliporudi mara ya pili, nilijikuta naijaza mimi kwa sauti yangu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika katika chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada. Zimebaki dakika kumi.

Verlene amekuja! Amekuja na wote watatu, ndevu zimechanwa. Hawakujua wakae wapi; Buford amewaonyesha safu ya sita, akawagawia vitabu vya nyimbo. Sahihi yake lakini ingali pale pale, chini ya ile ya Orval. Barua iko mbele yangu.

Nina kosa la kuungama: niliingia mahali pa pombe. Hilo nitalisema mbele ya wote. Kuhusu ile besi sijapata andiko la kuikataza.

Orval anabisha mlangoni.

"Ndugu yangu, kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Sasa unangoja nini?"

Nimemwambia avumilie kidogo, kalamu ninaitumia kwenye daftari hili.