Dakika Arobaini za Sauti

Jumanne, 4 Novemba 2025

Nimeitwa kukagua kompyuta dawati la malalamiko, hapa kiwandani. Tena! Ni Protus, yule karani asiyeona anayepokea simu za wakulima wa miwa na kuandika shida zao. Kompyuta yake huongea: kuna programu inayomsomea kila kilicho kwenye skrini, naye anasikiliza kwa hedifoni. Anasema inanyamaza katikati ya kazi.

Nimevaa hedifoni, nimesikiliza dakika kumi. Inaongea vizuri, haraka kama dalali wa mnadani. Nikamwambia haina shida.

"Ukiwa hapa hainyamazangi, madam," akasema.

Wote husema hivyo.

Ripoti yangu: programu inafanya kazi, mtumiaji apewe mafunzo. Nimefunga tiketi, yaani kazi imekwisha. Mvua imenikuta kabla sijafika nyumbani, Shirere. Viatu viko mlangoni, vinachuruzika.

Alhamisi, 6 Novemba

Protus amenipigia mara tatu. Ya kwanza nilipokea. Mbili nimeziacha zikalia.

Printa ya uhasibu imekula karatasi mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Madam Mildred, mkuu wa dawati la malalamiko, amenisimamisha kwenye ngazi kunishukuru. Kwa nini? Kwa ripoti yangu. Sikuelewa.

Kumbe Protus yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, na inaisha Ijumaa. Kamati itakaa kuamua kama ataajiriwa. Malalamiko mengi hayajaandikwa. Kuna mkulima wa Kabras ambaye miwa yake iliyokatwa imekaukia kando ya barabara siku tisa. Alipiga simu, lakini simu yake haikuandikwa popote. Madam Mildred alidhani ni mashine.

"Sasa wewe mtaalamu umesema ni yeye," akaniambia.

Sikusema hivyo. Nimerudi ofisini nikaisoma ripoti. Nimesema hivyo.

Nimebeba kiti nikaenda kukaa kando ya Protus. Nimechomoa hedifoni, nikachomeka spika ndogo ili tusikie wote wawili. Akawasha saa tatu na dakika tano. Simu kutoka Shianda, mama mmoja analalamika trekta imepita kwake bila kusimama. Simu nyingine, na nyingine. Anaandika haraka kuliko mimi, na haulizi jina mara mbili. Saa tatu na dakika arobaini na tano sauti ikakatika katikati ya neno.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hiyo."

Kwenye skrini kulikuwa na kidirisha kidogo. Leseni haijaamilishwa. Dakika arobaini za majaribio zimekwisha. Zima kompyuta uanze upya. Maandishi wazi kabisa! Lakini yeye hayaoni, na sauti ya kumsomea ndiyo hiyo iliyokatwa.

Nikamuuliza hufanya nini ikiwa hivyo.

"Nazima, nawasha. Nikirudi mkulima amekata simu, na nilichoandika hakipo."

Mara ngapi kwa siku?

"Kumi hivi. Nilidhani ni mimi. Si hata wewe ulisema?"

Nilinakili maneno ya kidirisha kwenye daftari.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata. Ni mimi.

Mwanzoni Protus alikuwa na kompyuta yake mwenyewe. Leseni iliamilishwa mara moja, ikatulia. Mapema Oktoba tukahamisha ofisi nzima kwenye kompyuta za pamoja. Kilichobaki mezani ni kisanduku, skrini na kibodi. Kompyuta zenyewe ziko ndani ya seva, ile mashine kuu. Kila jioni zinafutwa. Kila asubuhi seva inaunda mpya. Nilipanga hivyo mwenyewe, na bosi wangu, Bwana Kibiwott, akanisifu mkutanoni — virusi havina pa kulala.

Basi kila asubuhi programu ya Protus inaamkia kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, inaomba leseni upya. Leseni inaruhusu mashine tano. Siku tano za kwanza ikakubaliwa. Ya sita ikakataliwa. Tangu hapo, dakika arobaini. Wiki nne sasa.

Nimewapigia waliotuuzia programu, Nairobi. Nimepokewa na mtu anaitwa Chelimo, mpole, anatafuna kitu.

"Hiyo leseni ni ya mashine zisizofutwa, dada. Za pamoja zinataka leseni inayokaa kwenye seva. Kuibadilisha ni kama wiki mbili."

Nikamwambia sina wiki mbili.

"Naweza kukurudishia nafasi moja leo. Lakini ukiiweka kwenye mashine inayofutwa, kesho utanipigia tena."

Nimeenda stoo. Kompyuta ya zamani ya Protus ilikuwa chini ya mabango ya maonyesho ya kilimo, buibui ndani. Nimeipangusa, nimeiwasha, nimeweka leseni. Imekubali. Amefanya kazi mpaka saa kumi na moja na sauti haijakatika hata mara moja. Sikumweleza sababu. Nilisema tu, jaribu hii.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Bwana Kibiwott. Akasema vizuri, umetengeneza, funga tiketi.

Nikasema ripoti yangu ya kwanza lazima irekebishwe kabla ya Ijumaa.

Akainuka kufunga mlango. Hakukasirika. Alinimiminia chai.

"Navalayo, tukiandika kwamba ni mfumo, kamati itauliza nani aliupanga."

"Mimi."

"Na nani aliuidhinisha?"

Chai ilikuwa na sukari nyingi. Akaniuliza mkataba wangu unaisha lini. Anajua. Desemba. Akasema Protus ni mtu wa kanisa, ana watu wake, hatakosa kazi.

Mchana kantini walikuwa na ingokho, kuku wa kwetu. Nimebakiza nusu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza imenichukua asubuhi yote. Kulitokea hitilafu — hapana. Mfumo ulisababisha — hapana. Nilikosea.

Kisha nikaenda kumwambia Protus. Kila kitu, na ile ripoti pia. Alikuwa ameweka mikono juu ya kibodi, hakuiondoa.

"Kwa hivyo nilikuwa sawa," akasema.

"Ulikuwa sawa."

"Wiki nne, madam. Niliazima kibodi kwa shemeji yangu. Kila siku nikitoka hapa nafanya mazoezi nyumbani. Nilifikiri vidole vyangu vimezeeka." Akageuza uso upande wangu, si sawasawa, pembeni kidogo. "Bibi yangu alikuwa ananitazama. Mtu akikutazama unajua."

Nikasema pole.

"Hiyo pole ipelekee kamati."

Simu ikalia, akaipokea. Nilisimama pale mpaka nikaona niko njiani mwa watu.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa nne na nusu. Benchi la nje ya chumba cha mikutano. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Protus yuko ndani tangu saa nne. Ameingia amevaa tai. Sauti yake inasikika, maneno hayasikiki.

Bwana Kibiwott amekuja akaketi kando yangu. Hajaniuliza bahasha niliyotilia barua yangu ni ya nini. Amesema tu kwamba leo kuna jua kali. Ni kweli, kuna jua.

Saa tano kasoro. Mlango umefunguka. Madam Mildred, miwani juu ya kichwa.

"Protus anasema mashine ilikuwa mbovu. Nani wa kompyuta atakuja kutueleza?"

"Ripoti mnayo, madam," Bwana Kibiwott amesema. "Inatosha."

Madam Mildred hajaondoka. Anatutazama, mmoja halafu mwingine. Bwana Kibiwott ametoa simu yake, anaisoma.

Nimesimama. Naandika nikiwa wima, mwandiko umepinda. Bahasha iko kwapani.

Madam Mildred amesogea kunipisha. "Haya, ingia," anasema, "na ufunge mlango nyuma yako." Nafunga daftari, naingia na barua.