Pindo la Joho la Mkuu

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje huko gerezani? Huku tu wazima, mimi na cherehani yako. Tangu wakuchukue kwa kukataa kumwita Mkuu "mwokozi wetu", duka limepoa. Asubuhi vumbi la vitambaa huelea kwenye jua, nami nalitazama mpaka nasahau mkasi uko mkono gani.

Jana alikuja msaidizi wa Mkuu. Anataka nishone joho la sherehe. Likimpendeza bwana wake, utaachiwa. Nimeanza. Ila ile desturi yako ya kumwombea mwenye nguo kwenye kila mshono imenishinda. Nashona nimekaza meno.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo na sakafu wanavumiliana kama wakwe. Wewe unakula?

Mishono uliyoipiga kwa kinyongo, ifumue. Sikutanii. Mkuu ni dhalimu, na mimi ndiye niliye ndani, kwa hiyo usinifundishe. Lakini cheo chake amekabidhiwa tu, na ataulizwa. Mpe kazi safi, mpe na heshima yake. Ibada usimpe hata uzi.

Baba yako

2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Nilifumua yote. Nikaanza upya nikimwombea, mwanzoni kwa midomo tu. Kisha mchana mmoja, kitambaa kimenijaa mapajani kama maji ya uvuguvugu, nikamwona yule mtu kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamhurumia kweli, hata mimi nilishangaa.

Leo nimemvisha. Amekonda, mabega nimeyapunguza. Nilipopiga magoti kubana pindo alitabasamu, na msaidizi akaniambia niyaseme yale maneno, "mwokozi wetu", pale pale, nawe utoke jioni. Nikatoa pini mdomoni.

"Mheshimiwa," nikasema, "magoti haya ni ya pindo. Nitakushonea wakati wowote utakaponiita. Mwokozi ninaye mmoja."

Nikarudisha pini, nikamalizia upande uliobaki.

Nisamehe, baba. Mlango wako nimeufunga mimi. Nje hapa dukani pamesimama gari, na si la mteja.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Wamekupa hata mkeka?

Askari mmoja, niliyemrekebishia suruali, amenong'ona kwamba fundi wa kike ameletwa, yuko nyuma ya ukuta huu huu ninaouegemea. Amekubali kukuletea karatasi hii. Nimelia, sifichi. Nilitaka uzeekee nje, juani. Halafu nikacheka peke yangu, maana anasema Mkuu alilivaa joho na limemkaa sawasawa.

Hakuna cha kukusamehe. Ungeyasema yale maneno, ningetoka nikiwa sina mtoto. Kesho asubuhi nitagonga ukuta, nijue kama umeamka.

Baba yako

21 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimesikia. Gonga tena.

Mwanao