Pundamilia Tisa Waliopasuka

Jumamosi, tarehe 14. Mvua imenyesha hapa Rubondo, kambini kwetu, tangu alfajiri, na turubai la jikoni linavuja. Leo nitaandika yote, hata yale yatakayokufanya unidharau.

Baba yangu huchonga wanyama. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kule Kivu ya Kusini, na tulipokimbia alibeba patasi zake kabla ya kubeba nguo. Wanyama wa mti tunawapaka rangi, kisha Hajji mmoja anawauza dukani kwake Kakoba, mjini Mbarara. Wa mawe hawapakwi kitu. Baba huwachonga polepole, huku akingoja mti ukauke.

Mti haupakwi rangi kabla haujakauka. Baba hahesabu siku, hupima kwa shavu. Mti mbichi ukiugusisha shavuni ni baridi kama chupa ya maji. Mkavu hauna baridi. Lakini mwezi uliopita alishikwa na malaria, na mwenye homa huona kila kitu ni baridi. Basi akaniita kitandani.

"Neema, leo utapima wewe."

Walikuwa pundamilia tisa. Niliwapima mmoja mmoja.

Wote walikuwa baridi.

Nikamwambia wamekauka. Sababu yenyewe ni ndogo mpaka naona haya kuiandika. Baba alikuwa ameahidi kunichukua siku ya kuwapeleka Mbarara, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Tungengoja mti ukauke, ningebaki darasani. Nikawapaka nyeupe, nikawachora michirizi nyeusi kwa uangalifu mkubwa, nikauona mji.

Leo asubuhi Hajji alikuwa anaelekea Rugaaga kununua matoke. Akapitia kwetu na sanduku. Pundamilia wote walikuwa wamepasuka kutoka shingoni hadi tumboni. Unyevu niliokuwa nimeufungia chini ya rangi ulijitafutia njia.

"Mzee, mimi nauza wanyama, si kuni," alisema. Hakuwa na hasira, hata alicheka. "Mtu moja ya Kampala aliniuliza kama hii punda ilitoka opereseni."

Siku nyingine Baba angemrudishia utani. Leo aliitazama tu mikono yake.

"Unisamehe, Hajji. Mikono yangu ishazeeka. Hata mti mubaya siujue tena."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake. Hakunigeukia. Haikumjia hata kunishuku: aliamini mti ulikuwa mkavu, basi kosa ni la mikono yake iliyouchagua.

Hajji alipoondoka, Baba alizifuta patasi zote kwa kitambaa chenye mafuta na kuzitia kwenye gunia. Kesho baada ya ibada atampa jirani yetu anayetengeneza milango. Jumatatu anakwenda Rugaaga kulima mashamba ya watu, yeye ambaye mgongo wake unamuuma akiinama kufunga viatu. Kiboko wa jiwe aliyeanza kumchonga juzi yuko pale mlangoni, ana sikio moja.

Nilimwambia Mama ukweli alipokuwa akichagua maharage.

"Mbao zishamuvunja roho," akasema. "Sasa unataka na mutoto amuvunje? Nyamaza."

Mama yangu hutupiga kwa sababu ya uongo. Sijawahi kumsikia akiniomba nifiche jambo.

Nikinyamaza, Baba atatoa patasi zake akiamini kwamba kazi imemtoka mikononi. Nikisema, atajua mikono yake ni mizima, na nadhani ataanza tena. Nadhani tu. Lakini atajua pia ni nani aliyemdanganya akiwa mgonjwa, na siku ile ya kupima nilimwona akinisikiliza kama anavyomsikiliza fundi mwenzake.

Sijui kama atanisikiliza hivyo tena.

Ibada ni saa tatu asubuhi. Wewe unayesoma, tafadhali nijibu leo hii: kama ungekuwa baba yangu, ungetaka kujua?