Dirisha la Chumba cha Pasi

Mpendwa mshauri, namshukuru Mungu aliyenijalia kushika kalamu, na naomba msaada wako maana maji yamenifika shingoni. Mume wangu ni dobi na mimi ndiye mkunjaji wake, tunafua mashuka meupe ya nyumba za wageni, pasi zetu ni za mkaa, na marehemu baba yake alimwachia desturi kwamba pasi ikishawaka dirisha linafungwa na chini ya mlango linawekwa tambara, upepo usije ukapeperusha majivu kwenye nguo. Tumeishi hivyo ujana wetu wote. Mwaka huu akaanza kuvimba miguu, akipanda ngazi za kibarazani anatweta, tukaenda kliniki wakasema figo zimechoka siku nyingi na damu imepungua, daktari akamwambia, "Figo zako zina njaa ya hewa, na kila zikiikosa zinazidi kusinyaa na kupata makovu. Acha moshi wa mkaa, na uje uchomwe sindano ya kuongeza damu." Tulipotoka nje akacheka, "Mama watoto, umesikia? Kumbe figo nayo ina pua." Basi sindano haendi, dirisha nikifungua anafunga, nikisema kichwa kinaniuma humu ndani anajibu, "Kasali, kitapona." Nami nasali kweli, na nimefundishwa mke amtii mumewe, lakini juzi aliinamia meza pasi ikiwa mkononi, akaunguza shuka, mtu ambaye hajawahi kuunguza hata leso, midomo imempauka, akasema ni usingizi tu. Dada yangu ananiambia nimwache, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi sitaki afunzwe, nataka aishi. Je, nikimpinga nitakuwa nimemkosea Mungu?

Mke wa Dobi

Mke wa Dobi, pole sana mama, na sasa nisikilize.

Mwambie mumeo figo haina pua, sawa, na shuka nalo halina mdomo lakini maji linakunywa. Hewa tunayovuta hubebwa na damu, na figo, kwa kazi yake ya kuchuja isiyo na mapumziko, inaila kwa wingi. Figo hiyo hiyo ndiyo inayouagiza mwili utengeneze damu. Ikiugua, agizo linalegea, damu inapungua, hewa haifiki, nayo inazidi kuugua. Juu ya hayo, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, inayokalia nafasi ya hewa ndani ya damu. Mumeo wabebaji wake wa hewa ni wachache, na hao wachache anawatwika sumu.

Nawe usijifiche nyuma ya sala. Kichwa kinakuuma kwa sababu unavuta yale yale. Na lile la juzi la mumeo halikuwa usingizi, mama, ilikuwa gesi hiyo. Mngekutwa wawili mmelala juu ya mashuka. Kumtii mume si kumsindikiza kaburini, na Mungu uliyemwomba amekwisha kukujibu kwa kinywa cha daktari.

Leo hii mrudi kliniki, mseme habari ya mkaa na ya kuinamia meza, na sindano aanze. Dawa za kuongeza damu za mitaani msiguse, nyingine zinamaliza figo. Meza ya pasi itolewe nje, ikae kibarazani, majivu yakung'utwe mbali na nguo, na mkipata uwezo mhamie pasi ya umeme.

Akikataa, usigombane naye. Kaa nje, mikono mapajani, usikunje hata shuka moja mpaka meza itoke. Wageni wanasubiri, na mashuka hayajikunji.