Hakutoka, Alitoshwa

Byamungu, mzee wa Uvira, kichwa nguvu usiye na dawa,

Kwanza nyamaza. Leo nitasema mpaka mwisho bila wewe kunikata kauli, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tujuane. Ukiwa na jibu, ningoje nije mwenyewe huko ulipo, na mimi sina haraka hata kidogo.

Habari kubwa ni hii: Dada amestaafu. Dada wetu, lile dume la Kiamerika lenye mabega kama mlango wa kanisa, ameacha mpira wa yai. Mwanangu Wakesho ndiye aliyeniambia, ametoka zamu hospitali, hata viatu hajavua. Nikageuka upande wako wa kochi nikuambie. Hayupo mtu. Kuna nguo za kukunja tu. Ndiyo maana nimechukua kalamu, mimi wa darasa la sita, na ukiona herufi zimepinda ujue ni macho, si ujinga. Ujinga nao upo, lakini huo uliuzoea.

Na namna alivyostaafu, ndugu yangu, ungeamka. Lakini hiyo nakuwekea. Nitakuambia kwa wakati wangu, kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi na zile hadithi zako zisizofika.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuona? Uwanja wa kanisa, ibada imekwisha, watu wanagombania mapaja ya kuku, na wewe umenipa mgongo. Mgongoni kwako, juu ya namba, pameandikwa DADA. Mzee mzima, ndevu nyeupe, DADA. Nikasema kwa sauti, huyu dada mbona ana kipara? Ukageuka. Nilidhani utanipiga. Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Ndipo ukanieleza. Shati ulilipata kambini, kule ukimbizini, siku lilipofunguliwa robota la mitumba, ukalivuta wewe na mwenzako likawa lako kwa nguvu ya mkono. Rangi ya njano na nyeusi, kifuani picha ya nyuki. Jina la mgongoni lilikuwa refu, D'ADAMO, lakini jua na sabuni ya kipande vilibandua herufi mbili za mwisho, na ile koma ya juu ikaenda zake. Ikabaki Dada. Kambi nzima wakakuita Dada, na ulilivaa miaka bila kujua mwenyewe ni nani. Ukashuka nalo kwenye ndege hapa Sydney. Kijana mmoja wa uwanja wa ndege akakupigia saluti, akakuambia, timu nzuri hiyo. Wewe ukadhani ni salamu ya nchi, ukamrudishia.

Basi tukaanza kumtafuta mwenye shati, tukampata kwenye televisheni, bado anacheza.

Wamarekani wakicheza Jumapili yao, huku kwetu ni Jumatatu asubuhi. Watu wenye akili wako kazini. Waliobaki nyumbani ni wazee wawili: mimi niliyeletwa Quakers Hill kulea wajukuu ambao sasa wananilea, na wewe ambaye mgongo ulikukatalia makontena ya bandarini Port Botany. Ulikuwa ukija na treni kutoka Toongabbie, shati limepigwa pasi kama la harusi. Mimi napika chai ya tangawizi, wewe unaijaza sukari mpaka kijiko kinasimama. Halafu kelele. Dada, rusha! Dada, angalia nyuma! Dada, jamani, wanakuvunja! Jirani yetu Mhindi alimuuliza Wakesho, kwa upole, kama kuna mwanamke anateswa humu ndani.

Na tulikuwa hatujui kitu. Mwaka mzima tulidhani wale waamuzi wenye nguo za milia ni timu ya tatu. Ulikuwa ukiwahurumia. Ulisema, "Bale maskini, toka asubuhi habajapewa mupira hata mara moja." Mpaka mjukuu wangu akatufunulia, kwa Kiingereza chake cha puani, kisha akaenda kuwasimulia wenzake shuleni. Sisi babu zake tukawa vichekesho vya darasa.

Halafu Dada akahama.

Aliumia bega, akakaa nje msimu, na msimu uliofuata tukamwona amevaa buluu, timu nyingine, mji mwingine. Ulisimama mbele ya televisheni kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Umevaa njano, yeye amevaa buluu. Mimi, kwa kuwa shetani hunitembelea Jumatatu, nikasema: msaliti huyo. Mtu hatoki kwa mama yake akaenda kumpikia jirani. Ukanijibu, na hapo ndipo vita vilipoanza:

"Hakutoka. Balimutosha."

Nikakucheka wiki nzima. Walimtosha? Kama ugali? Alishiba? Kumbe kwenu kumtosha mtu ni kumtoa, kumwondoa, na mimi nilijua tangu mara ya kwanza, lakini ningepata wapi kichekesho kingine kizuri hivyo?

Tukabishana miaka. Mimi nilishika kifua: nyuki yuko kifuani, kwenye moyo, timu ndiyo shati. Wewe ulishika mgongo: "Jina iko mugongoni sababu mutu anabebaka jina yake kila pahali anaenda. Nyuki ni mududu tu." Alipochukua kombe na wale wa buluu ulinipigia simu, hukusema neno, ulipumua tu kwenye simu kwa furaha. Nikakukatia. Ukapiga tena ukapumua tena.

Siku moja tu ubishi ulinyamaza. Nilikuuliza, wewe unamtetea sana huyu Mzungu, kwani ni shemeji yako? Ukasema, bila kunitazama, "Hata miye, Mukenya. Watu banasemaka nilitoka Uvira. Sikutoka." Ukaenda jikoni kuongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa uji wa sukari. Nikaongeza sauti ya televisheni. Sikuwa na jingine la kufanya, na wewe hukutaka nifanye jingine.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Kule kwa kinyozi, Blacktown, bado wanabishana. Wale vijana wa Nairobi wanaojua kila kitu, mmoja akasema Dada atakumbukwa kwa buluu, mwingine akasema hapana, ni wa Nyuki, ila aliwatoroka kwa sababu ya pesa. Mimi niko kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikajisikia napiga kelele: "Hakutoka! Alitoshwa!" Wakacheka mpaka mashine ikazimwa. Alitoshwa, mzee? Kwani alikuwa na njaa? Kicheko changu kile kile, Byamungu, kimezunguka kikanirudia usoni. Nikawaeleza neno lako. Nikawaambia mtu haachi nyuki na asali akaenda kuhangaika na bega bovu bila sababu. Nikawaambia jina liko mgongoni. Nilitetea upande wako vizuri kuliko ulivyowahi kuutetea wewe, maana wewe ulikuwa ukikasirika na kuingia Kifaransa. Nilipotoka nje na kichwa changu kipya ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni wa upande wa pili.

Na kuna jambo la shati lako, ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa umelala.

Furaha, binti yako, alikununulia suti nyeusi. Nzuri. Hujawahi kupendeza hivyo ukiwa hai, nasema ukweli. Nikamwendea nikamwambia, mwanangu, na lile shati? Akaniambia, "Mzee, papa anaenda kwa Bwana, haendi ku stade kutazama mupira." Na wazee wa kanisa nyuma yake wanatikisa vichwa kama mbuzi. Nikakaa. Nikasema moyoni, Mwakio, leo usilete mzaha, watu wamefiwa. Lakini sikuweza kuondoka. Nikamwambia tena, polepole, hilo ndilo shati aliloingia nalo nchi hii amekubeba mgongoni, jina la mtu mwingine liko katikati yenu. Furaha akalia. Akanipa ufunguo wa kabati lako. Akasema, liwe chini ya suti, wazee wasione.

Tulikuvalisha mimi na mpwa wako. Hapo ndipo nilipoona hatari. Maiti hulala chali, Byamungu. Ukilala chali, kifua juu, nyuki anatazama mbinguni, na jina liko chini, limelaliwa. Milele! Ubishi wote ule, na mimi nimeshinda, nimeshinda kwa sababu tu umekufa, na huna hata nafasi ya kupumua kwenye simu. Nilisimama na shati mkononi. Ushindi wa namna hiyo ni wa mwizi. Nikaligeuza. Nikakuvalisha nyuma mbele.

Mpwa wako akaniuliza kama nimekosea. Nikamwambia nyamaza, shika mkono.

Kwa hiyo DADA iko juu, chini ya suti, chini ya tai, chini ya udongo wote ule. Mududu yuko mgongoni umemlalia. Kola imekukaba kidogo, najua, ile V ya shingo iko kisogoni. Vumilia. Ndio ushindi huo.

Sasa ile habari niliyokuwekea.

Dada alipotaka kustaafu, wale Nyuki waliomtosha walimwita. Wakaweka karatasi mezani, akatia saini kuwa mchezaji wao kwa siku moja. Siku moja, ndugu yangu! Hakuna mechi, hakuna mpira, hakuna wa milia. Wakesho anasema huko kwao ndivyo wafanyavyo, ili mtu aage akiwa wa nyumbani. Nimemwona kwa macho yangu. Nywele zimeingia mvi. Akainua shati la njano na nyeusi, kwanza akaonyesha nyuki, halafu akaligeuza akaonyesha jina. Vyote viwili mkononi mwake, kifua na mgongo. Sikujua nishangilie upande gani.

Nikakukumbuka ukisema, kila ilipotajwa safari ya kwenu, "Hata siku moja tu. Nishuke, ninuse samaki ya ndagala pale ziwani, nirudi." Hukuipata. Dada kaipata yako. Kwa Kiswahili changu, siku moja ilimtosha. Kwa chako sijui inasemaje, na wa kumuuliza ni wewe.

Wakesho ameniagizia shati kutoka Amerika, jipya, linanukia duka. Jina zima, D'ADAMO. Nimekaa nalo mezani na wembe, nimebandua M, nimebandua O, nimebandua ile koma. Wakesho akauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia bado, nitamjulisha. Jumatatu nalivaa, hata kama Dada hachezi. Mjukuu anakaa pale pako sasa, ila hajui kubisha, anaangalia simu.

Nakuahidi jambo moja. Siku yangu ikifika, nimeshamwambia Wakesho, na nimemwapisha: shati nivalishwe sawasawa, nyuki kifuani, juu. Wewe jina juu, mimi timu juu. Usidhani nimekubali. Nilikupa ushindi ule kwa sababu ulikuwa umelala, tutaanzia palepale.

Kwaheri, Dada. Lala na jina lako.

Na chai uichemshe mapema. Miaka yote nimepika mimi. Huko zamu ni yako.

Mukenya wako,
Mwakio