Kwa Evaristi, Aliyekuwa Akikaa Nyuma Yangu Jumuiyani

Mpendwa mpwa wangu Evaristi,

Marahaba. Najibu kabla hujaniamkia, maana najua usingekosa kuniamkia. Kwanza kumbuka anayekuandikia ni nani. Ni mtu ambaye bandari ya Kigoma ikimkosa asubuhi moja tu, makuli wanabaki wameshika viuno na meli inasubiri. Shule niliishia darasa la tano, na la sita sikuingia kwa sababu mwalimu mwenyewe aliona hana alichobakiza cha kunipa. Kwa hiyo barua hii isome kwa adabu, hata huko uliko. Na kama huko hakuna, kama ulivyokuwa ukisema, basi isome hivyo hivyo.

Nimekaa kwenye lile jiwe la Bangwe ulilokuwa ukifungulia injini za boti. Mafuta machafu uliyomwaga bado yameacha doa, na mvua zimenyesha zikapita. Vijana wanaleta injini zao, wakifika wanakumbuka hupo, wanazigeuza na kuondoka nazo. Mimi nawaambia injini zote hizo nilikufundisha mimi. Wananiangalia tu.

Unakumbuka ile ya kiboko? Nilikuwa nikikusimulia ukiwa umelala chini ya boti na spana mdomoni. Nikisema nilimkamata kiboko sikio, hapo hapo Bangwe, nikamrudisha majini kama mbuzi wa mtu, wewe unatoa spana.

"Mjomba, juma lililopita ulimkamata mkia."

"Sasa we mtoto unaamini au huamini?"

"Siamini hata kidogo. Hebu rudia pale alipofungua mdomo."

Nami narudia. Watu wengi wa ziwa hili wananiambia wananiamini, kisha nikianza tu wanakumbuka wameacha kitu jikoni. Wewe hukuniamini hata siku moja na hukuondoka kabla ya mwisho. Jambo hili sikulitilia maanani zamani. Sasa nalifikiria mpaka chai inapoa.

Siku uliyosema lile neno lako, tulikuwa kwenye sala ya Jumamosi ya jumuiya, nyumbani kwa Mama Skola muuza mawese. Zamu ya kutoa neno la imani ikakufikia. Ukasimama, kofia mkononi, ukasema kwa sauti ile ile ya kuomba maji: "Ndugu zangu, mimi siamini kama Mungu yupo. Nimejaribu miaka mingi. Lakini naomba msinifukuze." Kisha ukakaa. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Mwenyekiti wetu, Mzee Gervasi, akakohoa, akasema tuendelee na sala ya wagonjwa. Jumamosi iliyofuata ulikuwa wa kwanza kufika, umebeba mabenchi. Mama Skola akakupokea mlangoni: "Karibu, mpagani wetu. Yaweke kivulini." Jina likakukaa, na nadhani ulilipenda.

Mimi nilikasirika, sikufichi. Mtu wa hadhi yangu, mpwa wake asimame mbele za watu hivyo! Nikakufuata huku ziwani kukugombeza. Ukanisikiliza mpaka nikachoka, ukafuta mikono kwenye suruali, ukasema, "Mjomba, nimemtafuta sana, sijamkuta. Ila watu wake nimewakuta. Sasa niwaache na wao?"

Nikakwambia jibu ninalo ila wewe bado mdogo.

Halafu kuna yule bibi wa Kidahwe, yule aliyekuja zamani kutoka Burundi, ambaye macho yalimwishia. Jumuiya ilikupangia wewe kumpelekea unga, ukaongeza la kwako: ukawa unamsomea Zaburi. Siku moja nilipanda pikipiki nyuma yako nikakuona. Ulisoma polepole, ukirudia pale alipokuomba, na sauti yako haikuwa na mzaha. Njiani nikakuuliza unasomaje kitu usichokiamini. Ukajibu bila kugeuka, "Yeye ana imani, mimi nina macho. Tunachangiana."

Basi ini likakulaza. Mama yako, dada yangu, alikaa kitandani pako hakutoka. Ulipoona macho yetu yamebadilika, ulituita karibu. Ulisema padri akija sawa, asipokuja sawa, lakini kwaya ije, na wenzako mlioimba nao besi wasilale. Dada aliitikia kwa kichwa. Hukujua umetupa kazi gani, maana kwetu kwaya haitangulii. Jumuiya inasema kwanza kwamba huyu alikuwa wetu, ndipo padri anakuja, na kwaya inakuja na padri. Jumuiya ikikukana, ndugu wanachimba, wanafukia, wanarudi nyumbani.

Ulipokata roho, wanajumuiya wakakaa uani kwa dada, chini ya turubai, mwili wako ukiwa bado ndani. Mama yako alikaa kwenye mkeka mlangoni akisikia kila neno. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alisikia kila neno.

Mzee Gervasi alianza kwa kukusifu, na mtu akianza kwa sifa ujue kuna lakini. "Lakini," akasema, "jumuiya si chama cha kubeba mabenchi. Tunamkiri Mungu. Huyu kijana alisema mbele yetu kwamba hamkiri. Mkristo asiye na Mungu ni Mkristo wa nini?"

"Alibatizwa," akasema mmoja.

"Alibatizwa akiwa mchanga. Alisema akiwa mtu mzima."

Mama Skola, ambaye nilijua anakupenda, akasema kinyume cha nilichotegemea. "Mimi namlilia kuliko ninyi wote. Lakini padri atamwombea kwa nani, na mwenyewe alisema huko hakuna mtu? Tusimfanyie marehemu uongo. Na tena nimemtazama tukikiri imani kwenye Nasadiki. Neno lile la kwanza mdomo wake haufunguki. Yanayofuata yote anayasema, tena anamnong'oneza mjomba wake sikioni."

Wakanigeukia wote. Mzee Gervasi akauliza, "Alikuwa anakunong'oneza nini?"

Nikajiweka sawa. Nikasema ulikuwa unaniuliza maana ya maneno, nami nikikufundisha kidogo kidogo, na ungebaki hai mwaka mmoja tu ningekumaliza. Watu wakaguna. Dada yangu akainua uso akanitazama, kisha akainama tena.

Ndipo akasema, akiwa pale pale kwenye mkeka. "Mwanangu sikumwelewa. Nilimwombea aamini, na hakuamini. Lakini aliniuliza kila Jumamosi, mama, leo jumuiya ni kwa nani. Aliniuliza mpaka Jumamosi hii aliyokuwa hawezi kuinuka. Mkisema si wenu, semeni. Ila mniambie alikuwa wa nani."

Nilisikia bodaboda zikipanda kilima. Katekista, ambaye hakuwa amesema kitu, akavua miwani akaifuta sana. "Yaliyokuwa moyoni mwake siwezi kuyahukumu," akasema. "Sisi tunaulizwa kama alikuwa nasi. Mimi nitakwenda kwa padri, nitamweleza yote, hata lile alilosema kwa Mama Skola. Sitaficha. Yeye ataamua." Mzee Gervasi akasema na hilo la kusimama na kusema liwe la kwanza kuelezwa. Katekista akakubali.

Alirudi jioni na pikipiki. Alituambia padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kaburi linachimbwa wapi. Hapo ndipo dada alipolia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kwaya ilikuja, Evaristi. Besi hawakulala. Mama Skola, yule yule, ndiye aliyetandika kanga yake mpya juu ya sanduku lako. Mzee Gervasi alitupia udongo. Bibi wa Kidahwe aliletwa akashikwa mkono mpaka ukingoni, akauliza, "Ameshashuka?" Wakamwambia bado. Akasema, "Basi nami nimsomee," akasema Zaburi nzima bila kitabu.

Watu wananiuliza mpaka leo kama inawezekana mtu awe Mkristo na asiwe na Mungu. Wananiuliza kwa sababu wanajua mimi ni mtu wa kuulizwa mambo. Nawajibu kwa kirefu sana. Lakini kwako siwezi kujifanya: sijui. Najua ulikwenda kila mahali walikokwenda wao, na ulipofika pale wanapofunga macho, wewe uliyaacha wazi ukawa unaangalia nani amekosa mahali pa kukaa. Sijui jina la mtu wa namna hiyo. Mpagani wetu, labda. Naona hilo "wetu" ndilo dada alilopigania.

Sasa nakuaga, maana jua limeondoka kwenye jiwe na vijana wanashusha nyavu. Lakini kuna kitu kimoja kimebaki.

Pale kaburini katekista alisema mjomba wa marehemu atuanzishie Nasadiki. Nikashika kipaza sauti, nikaanza kwa sauti ya bandarini. Nikafika "akasulibiwa, akafa, akazikwa", nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Kanga zikaenda machoni. Mwisho mama yako ndiye aliyeendelea, "akashukia kuzimu", na wote wakamfuata. Hata leo sokoni wananipa pole kwa kimya kile, wanasema mjomba alishindwa na uchungu. Nawaacha waseme.

Uchungu nilikuwa nao. Lakini nilinyamaza kwa sababu Nasadiki siijui. Kupita hapo sijawahi kuijua maisha yangu yote. Nilirudisha sikio nyuma kidogo, kama kila Jumamosi, nikisubiri uninong'oneze.

Ni mimi,
Mjomba wako