Cherehani ya Baba Mbele ya Majaji

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Homa Bay, kwenye mashindano ya wanafunzi wa sheria. Ungemwona Ochieng wangu ndani ya suti ya harusi yetu, akitetea rufaa ya kubuni ya fundi nguo aliyefilisika! Ghafla akasimulia jinsi cherehani ya marehemu Baba ilivyobebwa na wadai wake, Baba akitazama mlangoni.

"Wakili, hilo liko ukurasa gani?" jaji akauliza.

"Haliko, Mheshimiwa. Ni la baba mkwe wangu."

"Kwenye rufaa hatupokei mambo mapya, kijana."

Timu yake imeshindwa, na wenzake wamemnunia. Hata samaki hakugusa. Nampenda kupita kiasi, Mama, lakini nalia, kwa sababu Baba alibebewa cherehani yake bila mtu hata mmoja wa kumsemea siku ile.

Mungu akutunze, mama yangu.

Akinyi wako